Umejuaje, mwanangu?

Wadogo zangu wa Ukunda, Msambweni, Lungalunga na kwengineko, leo tukae kitako. Mama mmoja wa Diani ameniuliza jambo lililonikaa moyoni wiki nzima. Mwanawe yuko gredi ya 5, anasoma Kiswahili bila kukwama, lakini akimaliza shairi na kuulizwa mshairi alikusudia nini, huinamisha kichwa. "Dada, mwanangu ni mzito?"

La, mdogo wangu, si mzito. Amesomeshwa mashairi, hajapata kughaniwa.

Wengi wetu tulipita njia hiyo hiyo. Shairi lilitufikia kwenye karatasi, tukaanza kuhesabu mizani na kupigia mistari vina kabla hata halijatoka kinywani mwa mtu. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akituandikia maana ubaoni nasi tunanakili. Nilipata alama nzuri, ila nilikaa miaka mingi nikiamini maana ya shairi ni kitu anachokijua mwalimu peke yake. Sitaki mtoto wako akue na imani hiyo.

Na pwani yetu haikuanzia huko. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga wakati mji wake umebanwa baina ya Wamazrui na Sayyid Said wa Omani. Alisema kwa mafumbo, na watu wakayafumbua wenyewe kwa masikio yao. Wamazrui walipoangushwa mwaka 1837, baadhi yao walikuja kukaa Gazi, mwendo mfupi tu kutoka hapo ulipo. Na kule Vanga na Wasini, nchi ya Wavumba, utunzi ni wa tangu na tangu. Boukheit Amana aliiita diwani yake Malenga wa Vumba. Mtoto wa Kwale hana haja ya kuliogopa shairi kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Basi fanya hivi. Jioni unapokuna nazi, mkalishe karibu na mbuzi. Kitabu kifungwe, kalamu iwekwe mbali. Mghanie ubeti mmoja tu, polepole, mara mbili. Kama huna sauti, usijali, mtoto haijali sauti yako. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwetu sisi wazazi, maana ulimi unawasha kutaka kueleza. Muulize ni neno gani limembakia sikioni. Akishalitaja, muulize anadhani kuna nini katika nyumba inayosemwa na ubeti, au kwa mtu aliyetajwa humo. Na jibu lolote atakalotoa, swali lako liwe moja: "Umejuaje?"

Nilijaribu mwezi uliopita na watoto wa kaka yangu. Nilitunga ubeti huu palepale jikoni:

Nyavu kavu ukutani, paka ananung'unika,
Mtumbwi u mchangani, makuti yaufunika,
Mama yu pale jikoni, mchicha anaupika,
Baba yupo barazani, mawimbi yakivunjika.

Mkubwa, mwenye miaka 11, alirukia: "Baba mgonjwa." Umejuaje? "Amekaa barazani, hakwenda kazini." Sikumwambia amekosea, kwa sababu hakukosea kutumia akili: ameshika neno na kuliegemea. Nilimwambia tu, lirudie lote, uone kama maneno mengine yanakubaliana nawe. Akarudia. Alipofika kwenye mawimbi akasita, akasema, "Aa, ni kusi." Pepo za kusi zikivuma, mitumbwi midogo haitoki, hilo hakulisoma popote, amezaliwa nalo. Neno kusi halimo katika ubeti. Amelitoa kwenye nyavu kavu, makuti na mawimbi, akalijumlisha na anayoyajua. Huko ndiko kufasiri ambako kitabu cha shule kinamdai, na anakuweza tayari.

Tena, mdogo wangu, mwanao anafasiri hivyo kila siku bila wewe kuona. Ukijitanda leso mpya na jirani akakununia, mtoto husoma jina la leso, akatazama uso wa jirani, akajua ujumbe unakwenda mlango gani. Mwambie shairi husomwa vivyo hivyo.

Kama nyumbani mnasema Chidigo, mwache afasiri kwa Chidigo. Nimeona watoto wakimezwa na kutafuta Kiswahili sanifu hadi fikira yenyewe ikatoroka. Fikira kwanza, Kiswahili chake kitafuata.

Akishazoea kusikiliza, ndipo mfungue kitabu. Msome ubeti wa kwanza, funika wa pili kwa kiganja, akwambie anaona kutakuja nini na kwa sababu gani. Funua. Pale alipokisia vingine ndipo pa kukaa, mtafute ni neno gani mlilipita mbio. Vina na mizani mtavihesabu mwisho, na utashangaa jinsi atakavyovihesabu kwa raha, kwa kuwa sikio lake limeshavijua. Vitabu vya marudio vyenye majibu nyuma viweke juu ya kabati kwa sasa. Na shairi moja kwa wiki linatosha. Ukizidisha litakuwa zoezi kama mazoezi mengine.

Na siku ile jikoni, yule mdogo wa watoto wa kaka yangu, wa miaka 7, alikaa kimya muda wote. Nilidhani ameshasinzia. Nazi imekwisha kukunwa, naondoka na kifuu, akanivuta leso: "Shangazi, paka ananung'unika kwa sababu hakuna utumbo wa samaki." Umejuaje? "Mama anapika mchicha." Akafikiri kidogo. "Na kesho watapika nini?"

Hilo halimo katika ubeti, nikamwambia. Akachukua kipande cha nazi, akaenda kukaa barazani kuliwaza.