Usiuze Laptopu Yako kwa Sababu ya Windows 10

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye laptopu za ex-UK (zilizotumika Uingereza) huko Kitale na Bungoma wanaambiwa wanunue nyingine. Chukua HP EliteBook 840 G3. Prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha sita, ilhali Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu. Skrini ni nzima, kibodi ni nzima, inawaka vizuri. Kabla hujatoa pesa, ijaribu Linux.

Linux ni mfumo endeshi wa chanzo huria: hulipi leseni, na yeyote anaruhusiwa kuukagua na kuusambaza. Simu yako ya Android inatumia kiini (kernel) cha Linux, alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka wa 1991. Matoleo ni mengi mno, na kwenye kuchagua ndiko wengi hukwama. Ushauri wangu: chukua Linux Mint ya Xfce, mengine uyaache. Menyu iko chini kushoto ulikozoea, RAM ya GB 4 inatosha, na Mint 22 iliyotoka 2024 itapata masasisho hadi 2029.

Faili yake inakaribia GB 3, kwa hiyo ipakue kwenye Wi-Fi ya chuo au ya saiba, usimalize bando. Iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au balenaEtcher. Kuinakili tu hakutoshi, na vilivyokuwa kwenye flashi vitafutika. Zima laptopu, kisha iwashe ukibonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na ThinkPad, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski yako.

Hapa nakuomba usifanye haraka. Wengi hupendezwa na sura yake wakaisakinisha siku hiyo hiyo. Wewe ifanyie kwanza kazi zako zote ikiwa bado kwenye flashi. Mwalimu afungue TPAD, mfumo wa kutathmini walimu; mfanyabiashara aingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kivinjari cha Firefox kimo tayari. Wi-Fi ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB utumie intaneti yake. Chapa ukurasa mmoja kwa printa yako: nyingi za HP na Epson hutambuliwa, lakini Canon za leza za zamani kama LBP2900 husumbua. Na kama unategemea QuickBooks iliyosakinishwa kwenye mashine, au faili za Excel zenye makro, usihame mpaka uwe na kompyuta nyingine ya Windows pembeni.

Nyaraka ndizo huwavunja watu moyo mapema. Karatasi ya mtihani iliyopangwa vizuri kwenye Word kwa herufi za Calibri ikifunguliwa kwenye LibreOffice huweza kusogea, swali la kumi likaangukia ukurasa wa pili. Sababu ni fonti. Hakikisha zipo Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na za Calibri na Cambria, nayo mistari mingi itarudi mahali pake. Kazi ya kupelekwa saiba kuchapwa, ihifadhi kama PDF.

Wenye saiba wanajua virusi vile vinavyoficha faili za mteja kwenye flashi na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Mteja hulia kwamba tasnifu yake imepotea. Ichomeke flashi hiyo kwenye mashine ya Linux. Mara nyingi utaona faili halisi, pengine ndani ya folda isiyo na jina, kwa sababu alama ya kuficha ya Windows haizingatiwi huko. Zinakili kando, ufomati flashi, umrudishie mwenyewe kazi yake. Kwa saiba, hii pekee inatosha kuwa sababu ya kuwa na mashine moja ya Linux.

Ukiridhika, kabla ya kuisakinisha nakili picha na nyaraka zako zote kwenye diski ya nje, kisha ufungue baadhi yake kuhakikisha zimenakilika. Betri iwe imejaa, maana stima ikikatika katikati ya kusakinisha, huenda mfumo usiwake. Ukishamaliza, washa Timeshift ili sasisho likiharibu kitu urudi hali ya jana. Timeshift hurejesha mfumo, hailindi nyaraka zako; hizo endelea kuzinakili.

Ukiwa na saiba Kimilili au Kiminini, anza na mashine moja ya wateja wanaovinjari tu, na ile iliyounganishwa na printa iache kwenye Windows hadi uwe umechapa kutoka Linux na karatasi ikatoka sawa.