SOMO: MIFANO YA UJENZI KATIKA PROGRAMU KUBWA

Leo tunataka kueleza namna wafundi wanajenga programu kubwa za ordinateri, zile ambazo benki, kampuni ao masomo zinatumia kwa kulinda hesabu na majina ya watu.

1. Wazo lilitoka wapi?

Lilitoka kwa mjenzi wa nyumba. Mwaka 1977 Christopher Alexander na wenzake walitoa kitabu chenye mifano 253 ya kupanga miji, nyumba na vyumba. Mwaka 1987 Kent Beck na Ward Cunningham walijaribu wazo hilo katika programu. Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walitoa kitabu cha mifano 23 ya programu. Kisha, mwaka 2002, Mwingereza Martin Fowler aliandika juu ya programu za kampuni.

2. Mfano ni nini?

Wale wane walisema mfano uko na sehemu ine: jina, shida, dawa na matokeo. Tusiufikiri kama mfano wa hema ambao Musa alionyeshwa mlimani. Ule ulipashwa kufuatwa kipimo kwa kipimo. Huu ni dawa ya shida inayorudia-rudia, na kila fundi anaipima kufuatana na kazi yake.

3. Mifano miwili

a) Vyumba vitatu. Fowler anagawanya programu sehemu tatu: moja inaongea na mtu, moja inashika sheria za kazi, moja inalinda habari. Tufikiri programu ya minervali. Sheria ya zamani: kuingia mtihani, sharti kulipa yote. Sheria mupya: nusu inatosha. Kama sheria iliandikwa pahali patatu, fundi anaweza kubadilisha mbili na kusahau ya tatu. Halafu mtoto anafukuzwa mlangoni siku ya mtihani, na mama yake aliuzisha mihogo kwa kupata ile nusu! Sheria ikiwa katika chumba chake kimoja, inabadilishwa mara moja tu.

b) Mkalimani, ao adapta. Minervali inaweza kulipwa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kila moja iko na namna yake ya kutuma habari. Basi tunawekea kila moja mkalimani wake, sawa vile kanisani: mhubiri anasema Kifaransa, mkalimani anatupa Kiswahili, sisi tunasikia luga moja tu. Kampuni ingine ikikuja, tunaongeza mkalimani. Programu yenyewe haiguswi.

4. Tuangalie

Sisi wanafunzi tunapenda kushika kwa kichwa jina na dawa, tunaacha shida na matokeo. Lakini kila mfano uko na bei: maandiko mengi zaidi, na mambo mengi zaidi ya kufahamu. Programu ndogo ya kujumlisha pointi za darasa moja haiombi vyumba vitatu. Mwenye kutia mifano yote 23 pasipo shida ni kama mtu mzima wa afya anayekunywa dawa zote za dispanseri. Tuulize kwanza: shida ni gani, na nani ataumia kama inabaki?

Maulizo ya kujipima

1. Sehemu ine za mfano ni zipi?
2. Sheria moja kuandikwa pahali patatu inaleta hatari gani?
3. Tafuteni kazi moja hapa masomoni isiyohitaji mfano wowote. Elezeni sababu.

Tutazungumuza majibu siku ya posho, kisha kazi za mikono. Mungu atusaidie kujenga vizuri.