Konrodi Hufuliwaje?
Kijitabu kwa mafundi na wenye magari

Konrodi huunganisha pistoni na kranki. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, konrodi husukumwa na kuvutwa mara 50 kila sekunde. Ikikatika, inaweza kutoboa bloku. Ndiyo maana nyingi hufuliwa ndani ya kalibu, ili ziwe na nguvu.

Hatua za kazi

1. Kipande cha chuma hukatwa, kikiwa kizito kidogo kuliko kifaa kinachotakiwa.
2. Hupashwa tanurini hadi nyuzijoto 1,100 mpaka 1,250 za Selsiasi. Hakiyeyuki, ila hulainika.
3. Nyundo ya mashine au presi hukigandamiza kati ya kalibu mbili zenye mashimo. Shimo la kwanza hugawa chuma, kinene kwenye ncha na chembamba katikati. La mwisho hukipa umbo kamili.
4. Ziada iliyotokeza pembeni hukatwa.
5. Kifaa hutiwa ugumu kwa joto, kisha sehemu za kukaza boliti na beringi huchongwa kwa mashine.

Ziada ile ina kazi gani?

Kalibu zinapokaribiana, chuma kidogo huchuruzika pembeni na kuwa utepe mwembamba. Utepe huo hupoa upesi, ukakakamaa na kuziba njia. Chuma kilichobaki ndani hukosa pa kutokea, hivyo hulazimika kujaza kila kona ya shimo. Bila utepe huo, kona zingebaki tupu.

Nguvu hutoka wapi?

Chuma kina mkondo wake wa ndani, kama nyuzi za mti. Mpini wa jembe uliochongwa kufuata nyuzi hudumu. Uliokatiza nyuzi huvunjika mapema. Kufua hupinda mkondo huo ufuate umbo la kifaa, na hufunga vitundu vilivyobaki ndani ya chuma.

Mambo ya kuzingatia

- Tazama ubavuni: kifaa kilichofuliwa kwa kawaida huwa na alama pana pale utepe ulipokatwa. Kilichotengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa huwa na mstari mwembamba.
- Usichomelee kifaa kilichofuliwa, kama konrodi au mkono wa usukani. Joto la kuchomelea huharibu ugumu uliotiwa kiwandani, na ufa mpya huanzia kando ya kiungo.
- Kwa sababu hiyohiyo, usipashe spana moto ili kuipinda.
- Konrodi yenye ufa, hata mdogo, ibadilishwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya injini nzima.