Faili la mwanafunzi ni amana



Ndugu msomaji, muhula unapokwisha, hapa Musoma, kule Bunda na hata vijijini Butiama, si ajabu kukuta karatasi imebandikwa ukutani mwa shule: jina kamili la kila mtoto, alama zake na nafasi aliyoshika. Wa kwanza anapigiwa makofi, wa mwisho ananyooshewa kidole. Siku hizi karatasi hiyo inapigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kabla ya Adhuhuri imeshafika Mwanza. Walimu wanasema wanahamasisha. Mimi nasema hapa pana suala la haki.

Faili la mwanafunzi si alama peke yake. Mna tarehe ya kuzaliwa, dini yake, jina na simu ya mzazi, ada anayodaiwa, taarifa za afya na adhabu alizopewa. Mzazi aliyatoa hayo kwa sababu ya masomo. Kwa hiyo ni amana, na amana ina pande mbili. Surat Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupekua mambo ya watu na kusengenyana. Surat Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Yaani faili lifungwe kwa asiyehusika, na lifunguliwe kwa mwenyewe.

Sheria nazo zimeelekea huko. Marekani ilipitisha sheria ya faragha ya kumbukumbu za elimu mwaka 1974. Mzazi ana haki ya kuliona faili, kuomba makosa yasahihishwe, na kwa kawaida kuombwa idhini kabla halijaonyeshwa kwa mtu wa nje. Mwanafunzi akitimiza miaka 18, haki hiyo inakuwa yake. Kwetu, ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Juu yake ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto, za afya na za imani ya dini kuwa ni taarifa nyeti.

Kwa nini mkoa wa Mara ulitazame jambo hili kwa uzito zaidi? Kwa sababu ya ukeketaji. Wapo wasichana wanaoikimbia ngariba na kupokewa katika nyumba salama, zikiwemo za Serengeti na Butiama, huku wakiendelea na masomo. Sasa chukulia mtu anapiga simu shuleni: "Mimi ni baba yake mdogo, nataka kujua kama yupo hapo." Karani, kwa nia njema kabisa, anafungua rejista na kujibu. Jibu hilo moja linaweza kumrudisha binti kwenye kisu.

Utaniuliza, mzazi si ana haki? Anayo. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto. Mtoto akiwa chini ya ulinzi, shule iwaulize kwanza maofisa wa ustawi wa jamii.

Upande wa pili wa amana, yaani mwenyewe kufunguliwa, Waislamu tunaujua vizuri. Mwaka 2012 tulilalamikia matokeo ya kidato cha sita ya somo la Maarifa ya Uislamu. Baraza la Mitihani likakiri kuwa palikuwa na dosari, na matokeo yakarekebishwa. Lau watu wangenyamaza, vijana wale wangebeba alama zisizo zao hadi kwenye vyeti.

Basi tufanye nini?

Kwanza, shule impe kila mwanafunzi ripoti yake mkononi au kwa mzazi wake. Ukutani panatosha hesabu ya jumla: wangapi wamefaulu na somo gani limeanguka.

Pili, taarifa za mwanafunzi zisitolewe kwa simu. Anayezitaka afike ofisini, ajitambulishe, aseme anazitakia nini, na iandikwe daftarini nani alionyeshwa na lini.

Tatu, deni la ada azungumze nalo mzazi. Mtoto asitajwe jina mbele ya mstari kwa deni lisilo lake.

Nne, mzazi nenda shuleni uombe kuona taarifa za mwanao. Kagua jina, tarehe ya kuzaliwa na dini. Ukikuta kosa, omba kwa maandishi lisahihishwe, na ubaki na nakala. Ukipuuzwa, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Na tuanzie kwetu. Tusiidai serikali faragha huku ustadhi wa madrasa akisimama baada ya Swala kutangaza watoto walioshindwa kuhifadhi, au shule yetu ya Kiislamu ikibandika getini majina ya wanaodaiwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumsitiri Muislamu mwenzetu. Mtoto wa miaka tisa naye ni katika hao.

Allah atuwezeshe kuzitunza amana za watoto wetu. Amin.