Unyayo Unavyogeuka Kisukuku: Kutoka Matope ya Kimilili hadi Laetoli

Utangulizi

Masika yanapoanza Kimilili, kwenye miteremko ya Mlima Elgoni, vijia vya mashambani hujaa alama za miguu: za mkulima, za ng'ombe, za mtoto aendaye shule. Haupiti muda mrefu nazo zimefutika. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini nyayo chache mno huepuka hatima hiyo na kugeuka visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhika miambani.

Ifahamike kwanza kwamba mfupa na unyayo havitoi ushahidi wa aina moja. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 hueleza umbo la miili yao. Hata hivyo, mfupa huweza kusombwa na maji mbali na alipofia mnyama. Unyayo hausombwi hivyo: huthibitisha kwamba kiumbe alipita papo hapo, akiwa hai, akielekea upande fulani.

Hatua za Kuhifadhika

Kwanza, ardhi sharti iwe na unyevu wa kadiri. Ikiwa kavu na ngumu, mguu hauachi alama. Ikiwa majimaji, kingo huporomoka. Pili, alama hukauka na kushika kabla ya kukanyagwa tena. Tatu, hufunikwa upesi na tabaka jingine la mchanga, tope au majivu. Nne, mashapo hurundikana kwa muda mrefu. Uzito wake pamoja na madini yaletwayo na maji huyageuza kuwa mwamba. Hatimaye mmomonyoko huondoa tabaka la juu. Hapo huonekana ama shimo lenyewe, ama umbo lililolijaza, mithili ya kitu kilichotolewa katika kalibu. Utaratibu huu ni mmoja kwa nyayo za dinosaria na za binadamu wa kale.

Ushahidi wa Laetoli

Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, majivu ya volkano yalitanda takriban miaka milioni 3.66 iliyopita. Manyunyu yakayalowesha, hata alama za matone zimebaki. Wanyama na viumbe watembeao wima wakapita juu yake. Majivu yakagandamana mithili ya saruji, kisha mengine yakayafunika. Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kiligundua njia ya nyayo hizo, yenye urefu wa mita 27 hivi. Zana za mawe za kale zaidi zijulikanazo, za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3. Basi kutembea kwa miguu miwili kulitangulia zana hizo.

Hata hivyo, kufukuliwa kuliziweka nyayo hatarini. Zilifukiwa tena kwa udongo, lakini udongo ule ulikuwa na mbegu za migunga, na mizizi ikaanza kupenya. Mwaka 1995 na 1996 wataalamu waliiondoa, wakazifunika upya kwa mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Nakala yake huonyeshwa katika makumbusho ya Olduvai.

Hitimisho

Mvua, mizizi na kwato zinazofuta unyayo wa Kimilili ndizo zingaliufuta wa Laetoli. Kilichotofautisha hatima zao ni kifuniko kilichowahi. Kwa hiyo, anayetaka nyayo hizo zidumu hana budi kukubali kwamba ulinzi wake bora ni kutoonekana.