FUNDISHO: JAMBO LILILOFICHWA NI DENI LA NANI?



Wengi wetu tunapenda filamu za upelelezi. Inspekta anarudi katika kijiji alimozaliwa, mto unakauka, mifupa inaonekana, na mtu aliyeheshimiwa miaka yote anaanza kutetemeka. Waaustralia wanajua sana kutengeneza filamu za namna ile. Tunatazama mpaka mwisho, kisha tunaenda kulala. Lakini sisi wa Masisi na Walikale hatuna lazima ya filamu. Kwetu mambo ya zamani iko karibu na njia tunayopita kila siku. Basi leo tujifunze jambo moja tu: jambo baya likifichwa, ni nani anayelilipa?

1. Mfano wa Walikale

Tarehe 30 Julai 2010 watu wenye silaha waliingia katika vijiji vya njia ya Kibua mpaka Mpofi. Waliendelea mpaka tarehe 2 Agosti. Vijiji 13 viliguswa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 kwa uchache walioshikwa kwa nguvu: wanawake, wasichana, hata wanaume na wavulana. Tusipite mbio kwenye hesabu hiyo. Kila mmoja katika wale 387 ana jina, ana mama, ana jirani.

Nani walifanya vile? Kwa maneno ya barabarani jibu ni rahisi: "Ni wale." Na kila mtu anajua mwenyewe "wale" wake ni kabila gani. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba makundi matatu yalikuja pamoja: Mai-Mai Sheka, FDLR, na askari waliotoroka jeshi pamoja na kolonel mmoja. Hawakuwa watu wa kabila moja. Kilichowaunganisha ni ubaya wenyewe.

Mkubwa wa ile Mai-Mai alikuwa Ntabo Ntaberi Sheka, aliyekuwa zamani katika biashara ya madini. Januari 2011 hati ya kukamatwa kwake ilitolewa. Mwaka ule ule akasimama katika uchaguzi kusudi awe depite! Mtu angesema kwamba jambo limekwisha kuzikwa. Kumbe hapana. Julai 2017 alijitoa mikononi mwa MONUSCO. Kesi ilianza Goma Novemba 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 tribinali ya kijeshi ilimhukumu kufungwa maisha. Katika kesi ile ile, mkubwa mmoja wa FDLR alipata pia kifungo cha maisha. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu ile siku ya Kibua.

2. Mfano wa Masisi

Bosco Ntaganda alizaliwa Rwanda, akakulia Ngungu, katika Masisi yetu. Miaka ya 2002 na 2003 alikuwa komanda huko Ituri, mbali na hapa. Hati ya CPI, ile tribinali ya kimataifa ya La Haye, iliandikwa kwa siri mwaka 2006, ikajulikana wazi mwaka 2008. Lakini mwaka 2009 aliingizwa katika jeshi la taifa na cheo cha jenerali, akakaa Goma wazi kabisa. Ituri ilikuwa kama ndoto ya zamani.

Mwaka 2012 aliasi. Machi 2013 aliingia mwenyewe katika ubalozi wa Marekani huko Kigali, akaomba apelekwe La Haye. Tarehe 8 Julai 2019 alionekana mwenye hatia ya makosa 18. Novemba ya mwaka ule akahukumiwa miaka 30, na mwaka 2021 rufani yake ilikataliwa.

3. Juu ya nini mambo hayo yalitokea inje?

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, lakini tusidhani kwamba siri inatoka yenyewe kama uyoga nyuma ya mvua. Katika kesi zote mbili kulikuwa watu walioketi mbele ya majaji wakasema: niliona hiki, mahali hapa, siku hii. La Haye peke yake, zaidi ya watu 2,100 walikubaliwa kama wahanga katika kesi ya Ntaganda. Wengi wao ni watu wa kijijini, wenye jembe. Wengine waliogopa, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Hata hivyo walisema.

Tena sheria inasaidia. Kosa la kuiba mbuzi linaweza kuzeeka mpaka korti isiweze kulihukumu. Lakini makosa ya vita na makosa dhidi ya ubinadamu hayazeeki mbele ya CPI. Kongo ilikubali sheria ya tribinali hiyo mwaka 2002.

4. Deni ni la nani?

Hapa ndipo kiini cha fundisho letu. Tribinali ilipotaja jina la Sheka, haikutaja kabila lake. Ilipotaja jina la Ntaganda, haikuhukumu watu wa Ngungu. Deni liliwekwa juu ya kichwa cha mwenye kulifanya, na wengine wote wakaachiliwa.

Lakini jambo likifichwa, je? Hapo deni linagawanywa kwa watu wote. Mtoto ambaye hakuwa amezaliwa bado anaitwa muuaji juu ya jina lake au lugha ya mama yake. Jirani anaogopa jirani. Ndiyo sababu anayeficha mkosaji "kusudi alinde kabila" anaharibu kabila lenyewe.

Na bado kuna mengi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010 inaeleza matukio 617 ya Kongo, tangu Machi 1993 mpaka Juni 2003. Mauaji ya soko la Ntoto, katika Walikale, mwaka 1993, yamo. Mengi ya Masisi yamo. CPI haiwezi kuhukumu yaliyofanyika mbele ya Julai 2002. Ripoti ile si hukumu. Ni daftari tu inayongoja. Mwaka 2025 vita ilipita tena Masisi na Walikale, na daftari ikaongezwa kurasa.

5. Sisi wanafunzi tufanye nini?

Kwanza, tutenge tulichoona na tulichosikia. "Niliona" na "wanasema" si ndugu.
Pili, tujifunze kuweka tarehe na mahali. Neno bila tarehe linageuka hadithi.
Tatu, tusitangaze jina la aliyeumizwa wala la shahidi. Siri ya mkosaji ni mbaya. Siri inayolinda aliyeumia ni heshima.
Nne, tukisikia mtu anasema "ni wale", tumuulize kwa upole: "Ni nani? Jina lake?" Kama hana jina, anyamaze.

Maswali ya kuzungumza darasani

a) Juu ya nini Sheka aliweza kusimama katika uchaguzi wakati alikuwa anatafutwa?
b) Ni tofauti gani kati ya kusamehe na kuficha?
c) Baba au mjomba wetu akiwa na deni la namna hii, tutampenda namna gani bila kusema uongo?

Swali la tatu ni gumu. Sisi wenyewe tulilizungumza jioni nzima, hatukulimaliza. Tunawaachia ninyi.