Gari Lililotoka Nchi ya Theluji

Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa Tanzania hutoka Japani, na baadhi yameendeshwa Hokkaido, ambako theluji hufunika barabara kwa miezi kadhaa kila mwaka. Wauzaji hulitaja jambo hilo kuwa sifa: gari lililoshinda barafu litashindwaje na matope? Hoja hiyo ina ukweli nusu. Magurudumu manne yakivuta kwa pamoja husaidia gari kuondoka na kupanda mwinuko wenye utelezi, lakini hayafupishi umbali wa kusimama. Kwenye barafu, anayetegemewa ni tairi.

Nalo tairi la theluji hutengenezwa kwa mpira laini, usiokakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Katika joto la Dar es Salaam mpira huo hulegea mno, kashata huisha upesi na gari huchelewa kusimama unapokanyaga breki. Tunashauri mnunuzi asome ubavu wa tairi. Neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji, hulitambulisha. Unene wa kashata usimhadae. Gharama ya matairi mapya iingizwe katika mapatano ya bei.

Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma, na rangi inayong'aa haitoboi siri hiyo. Gari liinuliwe, fundi akague chesi na paipu za breki. Kutu ya juujuu hukwanguliwa ikapakwa rangi. Chesi ikitoboka kwa ncha ya bisibisi, gari hilo lisinunuliwe kwa bei yoyote.